Mavazi ya The Muppet Christmas Carol: kazi ya sindano inayostahili kutazamwa kwa makini

Filamu nyingi za Krismasi zikitaka kuonyesha zamani huchukua gauni pana, kofia ndefu na shali, zikavichanganya, mtazamaji akakubali. Zamani ipi hasa, hakuna anayeuliza. The Muppet Christmas Carol ya mwaka 1992 iliuliza, na jibu lake linaonekana kwenye kola, pindo na vifungo. Ni filamu ya watoto. Wahusika wake wengi ni vikaragosi vya mkono viitwavyo Muppets: chura, nguruwe, panya, dubu. Ingekuwa rahisi kuvivisha nguo za kuchekesha na kazi ikaishia hapo. Walioishona wakavivisha kama walivyovaa watu wa London ya miaka ya 1840, mwenye nacho kwa fahari yake na maskini kwa viraka vyake. Kwa fundi cherehani, mwalimu wa sanaa au kikundi cha maigizo cha hapa Dar es Salaam, hii ni mojawapo ya filamu chache za familia zinazofaa kutazamwa penseli ikiwa mkononi.

Mavazi yalikuwa chini ya Polly Smith, aliyevisha vikaragosi vya kampuni ya Jim Henson, mbunifu wa Muppets, kwa miaka mingi, pamoja na Ann Hollowell. Mwongozaji ni Brian Henson, mtoto wa Jim, ambaye baba yake alifariki mwaka 1990, na picha zilipigwa katika studio za Shepperton, Uingereza. Michael Caine ndiye Ebenezer Scrooge, tajiri bahili anayetembelewa na roho tatu usiku wa kuamkia Krismasi na kuamka amebadilika. Caine aliamua kuigiza kana kwamba amezungukwa na waigizaji wa tamthilia za Shakespeare, bila kumkonyeza mtazamaji hata mara moja. Uamuzi huo ndio uliobeba na mavazi. Chura anayemwigiza karani maskini wa Scrooge, akivaa koti lililokatwa vizuri, anaweza kuhuzunisha watu wazima; chura huyohuyo akivaa koti la mzaha, hadithi ya mtoto mgonjwa mezani kwake haiwezi kusimama.

Kipimo cha kupimia usahihi kipo. Hadithi ya mwandishi Mwingereza Charles Dickens iliyozaa filamu hii, A Christmas Carol, ilitoka London tarehe 19 Desemba 1843, ikiwa na michoro ya John Leech, minne kati yake ikiwa imetiwa rangi kwa mkono. Dickens alikuwa na miaka 31, na alikuwa mtu wa kuangalia nguo. Yeye mwenyewe alipenda vizibao vya rangi kali. Ndani ya hadithi ameeleza nani amevaa nini, kimechakaa kiasi gani, na mara nyingine kimegharimu pesa ngapi. Mbunifu anayeisoma kwa makini amekwisha kupewa nusu ya kazi.

Chukua mke wa Bob Cratchit, karani wa Scrooge. Dickens anasema siku ya Krismasi mama huyu alivaa gauni lililogeuzwa mara mbili, lakini amejipamba kwa utepe wa peni sita. Maneno hayo machache ni somo zima la ushonaji. Kugeuza gauni ni kufumua mishono yote, kupindua vipande ili upande wa ndani, ambao haujachujuka kwa jua, uwe wa nje, kisha kushona upya. Aliyegeuza mara mbili amerudi kwenye upande wa kwanza, kwa hiyo hujificha kwa ujanja mwingine: kipande cha mbele hupelekwa nyuma, kilichokuwa juu huenda chini karibu na pindo. Na zile peni sita zina uzito. Bob alilipwa shilingi 15 kwa wiki, yaani peni 180. Utepe ule ni sehemu moja ya thelathini ya mshahara wa wiki nzima, umenunuliwa kwa ajili ya siku moja.

Kwenye filamu mama huyu ni Miss Piggy, yule kikaragosi wa nguruwe, ambaye mahali pengine tumezoea kumwona na glavu ndefu na nguo za nyota wa jukwaani. Hapa amewekwa ndani ya gauni la mama wa nyumbani, kikofia cheupe kichwani, misokoto ya nywele ikining'inia pembeni mwa uso. Misokoto hiyo ndiyo mitindo ya nywele ya miaka ile: katikati imepasuliwa, pembeni imeviringwa. Madaha yake yamebaki yote, ila sasa yanatoka kwenye shingo na macho, na nguo imeachwa iseme hali ya familia. Kwa maoni yetu huo ndio uamuzi bora kuliko yote katika filamu hii, kwa sababu kishawishi cha kumvalisha hariri lazima kilikuwepo.

Umbo la gauni la mwaka 1843 lina alama ambazo mtu akizijua hazimpotei tena. Kifua kimebana na ni kirefu, na mbele kinashuka na kuchongoka chini ya kiuno. Mshono wa mkono hauanzii kwenye ncha ya bega. Umeshushwa sentimita 3 au 4, ndiyo maana mwanamke wa wakati ule hakuweza kuinua mikono juu ya kichwa bila gauni zima kupanda. Mkono wenyewe ni mwembamba. Sketi ni pana, imekusanywa kwa marinda madogo sana yaliyobanana kiunoni, na upana wake unabebwa na magagulo kadhaa, moja likiwa limetiwa kamba au limefumwa kwa manyoya ya mkia wa farasi ili lisimame. Kofia ya kutokea nje hufunika mashavu, mtu anaonekana uso akiwa mbele yako tu.

Humo ndimo filamu na maigizo mengi huteleza. Kosa la kwanza ni kuweka duara la vyuma chini ya sketi. Duara hilo lilianza kuuzwa mwaka 1856, miaka 13 baada ya hadithi hii, na linatoa umbo tofauti kabisa: sketi inayumba yote kwa pamoja, ilhali ya magagulo inatikisika kwa uzito, kila tabaka kwa wakati wake. Kosa la pili ni zambarau kali. Rangi ya kwanza ya kutengenezwa maabara iligunduliwa na William Perkin mwaka huohuo wa 1856; kabla ya hapo wekundu ulitoka kwenye mizizi ya mmea au kwa wadudu waliokaushwa, buluu kwenye nili, weusi kwenye magogo ya mti. Rangi hizo ni nzuri na nyingine ni kali, lakini zina kina ambacho poliesta ya leo haina. Kosa la tatu ni zipu, ambayo kwa umbo tunalolijua ilipatikana mwaka 1913. Gauni la 1843 hufungwa mgongoni kwa kulabu, na mgongo unaofungwa kwa zipu hukaa tofauti: unanyooka kama ubao, wakati ule wa kulabu unafuata uti wa mgongo. Mtoto hatajua sababu, ataona tu kwamba kuna kitu hakijakaa.

Halafu kuna kazi ambayo watu wengi hawaifikirii kabisa, ya kumvisha kikaragosi. Kermit yule chura, Miss Piggy na Gonzo huendeshwa na mtu aliye chini, mkono wake mmoja ukiwa ndani ya kichwa cha kikaragosi, na viganja vyake huchezeshwa kwa fimbo nyembamba za chuma. Fozzie, yule dubu, yeye ana mikono halisi ya watu ndani ya manyoya, kwa hiyo anahitaji watu wawili. Sasa fikiria mkono mwembamba wa koti la 1843. Fimbo inatoka kiganjani. Mwisho wa mkono wa koti ukibana, fimbo inavuta kitambaa na kiwiko kinakwama nusu njia. Ukilegeza sana, umbo la enzi limepotea. Nafasi ya kupata suluhisho ni ndogo: mshono wa chini uachwe wazi sentimita chache pale kiganjani, na bitana iwe nyembamba na yenye kuteleza. Kiunoni nako nguo lazima iwe wazi kabisa ili mkono wa mwendeshaji upite, wakati huohuo kamera isione uwazi huo. Ndiyo maana vizibao, aproni na skafu zinazoning'inia zina kazi mbili kwenye filamu hii.

Ukubwa wa nyuzi ni jambo la pili. Sufu ya koti la Caine ikikatwa na kushonwa kwenye mwili wa sentimita 40, haiporomoki. Hukaa imekakamaa, kwapa linajikunja, kola inapanda masikioni. Kitambaa cha kikaragosi lazima kiwe chembamba zaidi ili kionekane cha uzito uleule. Michoro nayo ipunguzwe: miraba ya sentimita 4 kwa mtu mzima iwe sentimita 1 hivi kwa kikaragosi, vifungo vipungue kwa kiasi hichohicho. Pindo linahitaji uzito, mnyororo mwembamba au risasi ndogo zilizoshonwa ndani, vinginevyo nguo inaelea kila kikaragosi kinapogeuka. Tazama Gonzo, anayecheza nafasi ya Dickens mwenyewe, akiwa amevaa kofia ndefu na koti. Yuko pembeni mwa watu wa kawaida kwenye barabara ileile, na jicho halishtuki. Vipimo vimelingana.

Kwa wanaume, alama ya miaka ya 1840 ni mshono wa kiunoni. Koti la suti la leo limekatwa kipande kimoja kutoka bega hadi chini. Koti refu la enzi ile lina kifua kilichokatwa peke yake na sketi iliyokatwa peke yake, vikaunganishwa kiunoni, ndiyo maana kiuno kinaingia ndani na sketi inapanuka. Mabega hayana mito, yanateremka. Kifua ndicho kilichojazwa. Shati halifunguki mbele hadi chini, huvaliwa kwa kupitisha kichwani, na kola mara nyingi ni kipande tofauti kinachofungwa juu yake, kwa kuwa kola huchafuka kabla ya shati. Dickens anamvalisha Peter, kijana wa Cratchit, kola ya baba yake kubwa kuliko shingo yake siku ya sikukuu, na msomaji anaelewa mara moja.

Bob mwenyewe hana koti la nje. Kitabu kinasema ana skafu ya sufu iliyoning'inia futi tatu mbele yake bila kuhesabu matamvua, na nguo zilizopauka zikatiwa viraka na kupigwa brashi. Kermit, anayemwigiza Bob kwenye filamu, ana skafu hiyo, na inafanya kazi yake: tajiri anapita na koti zito, karani anapita na skafu. Na kuna sungura mdogo anayekuja kuimba mlangoni kwa Scrooge, baadaye tunamwona usiku amejifunika magazeti kwenye baridi. Hilo nalo ni sahihi. Karatasi hushika hewa na kuzuia upepo. Hakuna haja ya kuongeza neno lolote la huzuni juu yake, na filamu haikuongeza.

Scrooge anavuliwa taratibu. Mwanzoni ni kofia ndefu na nguo nyeusi zilizokazwa hadi kooni. Zikija roho za usiku, anabaki na kanzu ya kulalia na joho la nyumbani, na hivyo ndivyo anavyosafiri: anaingia kwenye sherehe, mitaani, nyumbani kwa Cratchit, kila mtu amevaa nguo za kutokea isipokuwa yeye. Kwa mwanaume mwenye hadhi wa mwaka 1843, kuonekana hivyo mbele za watu ni aibu ambayo leo hatuihisi vya kutosha. Halafu asubuhi ya Krismasi anatoka amevaa kikamilifu, na Beaker, kikaragosi mwingine, anavua skafu nyekundu shingoni mwake na kumpa. Ndiyo rangi ya kwanza kuingia kwenye mwili wa Scrooge. Wekundu huo ungeweza kupatikana kwa rangi za mimea au wadudu za wakati ule, kwa hiyo hata pale filamu inapotaka ishara imebaki ndani ya historia.

Roho ya Krismasi ya Sasa imefuata kitabu karibu neno kwa neno: joho moja la kijani lenye ukingo wa manyoya meupe, shada la majani kichwani. Leech naye alilichora kijani mwaka 1843. Watoto wanaodhani nguo za sikukuu zimekuwa nyekundu tangu Adamu watapata la kuuliza.

Sehemu itakayowagusa zaidi watazamaji wa hapa ni ile ya Old Joe, mnunuzi wa vitu vilivyotumika, ambaye kwenye filamu ni buibui. Watu wanamletea vitu vya marehemu: blanketi, mapazia ya kitanda. London ya wakati ule iliishi kwa mitumba. Nguo ilishuka kutoka kwa tajiri kwenda kwa mtumishi, kwa mchuuzi, kwa maskini, hadi ikawa matambara ya kutengenezea karatasi. Anayejua soko la Karume anaelewa uchumi huo bila kufafanuliwa. Kitabuni mwanamke mmoja anajisifu kwamba amemvua maiti shati zuri na kumvalisha la pamba ya bei rahisi, kwa hoja kwamba pamba hiyo kama haifai kuzikia basi haifai kwa lolote. Kitambaa cha namna hiyo, pamba ngumu isiyopaushwa, ndicho wafanyabiashara wa Massachusetts walikuwa wakikishusha Zanzibar miaka hiyohiyo, baada ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Seyyid Said. Mwambao mzima ukakiita merikani, ndiyo marekani. Wakati Dickens anaandika, hapa palikuwa kijiji cha Mzizima, na kitambaa kilichokuwa kinapimwa kwa mikono pwani hii kilikuwa ndugu wa kile cha kwenye stoo ya Old Joe. Kwa hiyo anayetaka kushona mashati na kanzu za kulalia za hadithi hii asihangaike kutafuta mbali.

Kasoro zipo. Theluji ya London hii ni safi mno. Mji uliopashwa joto na kupikiwa kwa makaa ya mawe ulikuwa na masizi kila mahali, na mapindo ya magauni yalizoa tope hadi sentimita 10 au 15. Filamu imetaka barabara ya kadi ya Krismasi, na ni haki yake, ila fundi asijifunze uchafu hapa. Kuna pia panya wa ofisini ambao ghafla wanavaa nguo za kisiwani na kuimba joto, baada ya kuomba makaa na kutishwa na Scrooge. Huo si usahihi na haukukusudiwa kuwa. Unafanya kazi kwa sababu kila kitu kinachouzunguka ni cha kweli; ungewekwa kwenye filamu iliyojaa mzaha wa nguo usingeonekana.

Sasa kwa wanaotaka kuipeleka hadithi hii jukwaani Desemba, shuleni au kanisani. Jambo la kwanza ni joto. Mchana wa Desemba Dar es Salaam hupita nyuzi 30 na unyevu ni mwingi. Ukiongeza taa za jukwaani, mtoto aliyevaa sufu na bitana ya poliesta atazimia kabla ya roho ya tatu. Tumia pamba nzito aina ya drili kwa makoti na magauni, kaniki kwa weusi, marekani kwa mashati, kanzu za kulalia na bitana zote. Epuka satini. Inang'aa nyeupe chini ya taa, na kwenye video za simu inaonekana plastiki.

Sketi ya mtu mzima mwenye sentimita 105 kutoka kiunoni hadi sakafuni inahitaji vipande vitatu vya upana wa sentimita 150, kila kimoja urefu wa sentimita 115: 5 za kukunja juu, 5 za pindo. Jumla ni mita 3.45, na mzunguko utakuwa kama mita 4.4. Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 115, kata vipande vinne, mita 4.6. Kunja zile sentimita 5 za juu kwa ndani, kisha piga bandi mistari miwili, mmoja milimita 6 kutoka ukingoni na mwingine sentimita 1.5 chini yake. Kwa drili, hatua ya sindano iwe sentimita 1.5 juu na sentimita 1.5 chini. Hapo utapata marinda kama 147, ambayo kwenye kiuno cha sentimita 70 yanakaa mawili kwa kila sentimita. Tumia uzi wa nailoni au uzi mara mbili uliopitishwa kwenye mshumaa, kwa maana uzi ukikatika wakati wa kuvuta unaanza upya.

Kinachoharibika mara nyingi ni mistari kutolingana. Sindano ya mstari wa pili lazima iingie na kutoka palepale chini ya ile ya kwanza. Ikipotoka hata milimita 3, rinda linaanguka upande na sketi inatoa donge. Chora nukta kwa chaki kabla ya kushona. Kitambaa kikiwa chembamba, weka ukanda wa blanketi kuukuu au fulana ndani ya mkunjo wa juu ili marinda yapate unene. Kisha shika kila rinda kwa mkono kwenye mkanda wa kiuno uliokwisha kushonwa, mishono miwili kwa kila moja. Usipeleke kwenye cherehani hata kama muda umebana. Cherehani inayalaza marinda, na gauni lote linageuka la shule.

Gagulo la kamba litachukua mita 2 za marekani. Pitisha kamba za pamba za milimita 4 kwenye mifereji iliyoshonwa, mistari 10 hadi 15 kuanzia chini. Katani inavutia kwa kuwa ni yetu na ni rahisi, lakini inachoma miguu na ikilowa inapinda. Loweka kamba za pamba kwanza na uzianike kabla ya kuzitumia, la sivyo zitajikunja baada ya kufuliwa na pindo litakuwa na mawimbi. Juu ya hilo vaa gagulo moja la kawaida ili mistari isionekane kwenye gauni. Kwa watoto wanaokimbia jukwaani moja linatosha.

Kifua cha gauni kijengwe juu ya marekani iliyobana, kitambaa cha nje kikiwa juu yake. Mahali pa mifupa ya nyangumi weka vifungio vya plastiki vya nyaya, vya upana wa milimita 8, ncha zikikatwa na kulainishwa kwa moto wa kibiriti ili zisitoboe. Vitano vinatosha: mmoja katikati mbele, viwili pembeni mwake, viwili ubavuni. Mgongoni weka kulabu kila sentimita 3, na upishane: moja inatazama kushoto, inayofuata kulia, gauni halitafunguka mwigizaji anapopumua kwa nguvu. Kama kuna kubadilisha nguo haraka, ficha velkro chini na uache kulabu za maonyesho juu. Gauni la mama Cratchit lionekane limegeuzwa: chagua drili ambayo upande wa ndani umepauka kidogo, shona kwa upande huo, halafu acha ukanda wa sentimita 4 juu ya pindo wenye rangi iliyokolea, alama ya pindo la zamani lililoshushwa. Utepe uwe mpya kabisa. Tofauti hiyo ndiyo hadithi.

Michoro ya kitambaa ichaguliwe kwa subira kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru na Kariakoo. Vitenge vingi vina maua makubwa mno kwa enzi hii. Tafuta pamba yenye maua madogo yasiyozidi sentimita 2 au mistari myembamba, na rangi tatu zisizidi.

Koti la mwanaume si lazima likatwe upya. Kwenye mitumba tafuta makoti marefu ya kike yenye mshono wa kiunoni. Ni mengi kuliko ya kiume. Ng'oa mito ya mabega, kwa kuwa hiyo peke yake inalipeleka koti miaka ya 1980. Badili vifungo vya plastiki kwa vilivyofunikwa kitambaa, na hamishia vifungo upande wa kulia, kwani koti la kike hufunga kinyume. Shati la marekani hukatwa kwa mistatili mitupu na vikwapa vya mraba, kama kanzu, kwa hiyo fundi yeyote wa kanzu atalimaliza bila karatasi ya kukatia. Kofia ndefu: manila tabaka tatu, kimo sentimita 16 kwa mtu mzima na 12 kwa mtoto, ukingo sentimita 5, upakwe gundi ya mbao ndani na nje na ukauke siku nzima kabla ya kufunikwa kaniki. Tabaka moja la manila hulegea kwa unyevu wa hapa na kofia inainama katikati ya onyesho.

Mwisho, angalia ni toleo gani unalotazama. Filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema wimbo wa Belle, mchumba wa Scrooge wa ujanani, ulikatwa, na toleo hilo lina kama dakika 85. Toleo kamili lilirudishwa mwaka 2022 na linakaribia dakika 90. Kwa anayetazama kwa ajili ya nguo, chukua refu. Ni sehemu ambayo kamera inatulia kwa mwanamke aliyevaa mavazi ya miaka ya nyuma zaidi ya 1843, wakati Scrooge alipokuwa kijana, na mtu anapata dakika kadhaa za kusimamisha picha na kupima kiuno kimewekwa wapi na mkono umeungwa vipi.